Mwaka 1728: Wareno walirudije Mombasa baada ya kufukuzwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, niko Tanga. Kitabu chetu cha historia kinasema Waomani waliwatoa Wareno Mombasa mwaka 1698, habari ikaishia hapo. Lakini kwenye somo la Kiswahili tumeambiwa Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na mwalimu wetu akagusia kwamba mwaka huohuo Wareno walikuwa ndani ya ngome ya Mombasa. Nani anasema kweli? Na huko kwingine duniani, mwaka huo kulikuwa na nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kitabu kinasema kweli na mwalimu wako anasema kweli. Kitabu kimefunga mlango mapema tu, kabla wageni wote hawajatoka. Wareno walitolewa Mombasa tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuzingirwa miezi thelathini na mitatu. Wakarudi Machi 1728, wakaingia Ngomeni na kupandisha bendera yao. Wakatolewa tena Novemba 1729, safari hii moja kwa moja. Miezi ishirini hivi. Waandishi wa vitabu vya shule huiona michache, huiruka. Mimi naiona mizito, kwa sababu ndani yake tunawaona watu wa pwani wakiamua wenyewe nani aingie na nani atoke.

Tuanzie Oman, maana moto uliwashwa huko. Mwaka 1718 hivi alifariki Imamu Sultan bin Saif wa Pili, wa ukoo wa Yaarubi, akaacha mwana mdogo, Saif. Waliozoea imamu mwenye nguvu za kuongoza vita wakaona haifai mtoto kukalia kiti hicho; wengine wakamshikilia kwa sababu ya ukoo. Nchi ikagawanyika pande mbili zilizoitwa Wahinawi na Waghafiri, majina ambayo utayakuta mpaka kwenye masimulizi ya Unguja na Mombasa. Upande mmoja ulikuwa na Khalaf bin Mubarak, wa pili Muhammad bin Nasir, ambaye mwaka 1724 alitangazwa kuwa imamu. Wawili hao walipigana mpaka mwaka huu wetu wa 1728, wakauawa wote wawili katika vita vilevile, nje ya mji wa Sohar. Saif, aliyekuwa amekua sasa, akarudishwa kwenye uimamu.

Fikiria basi askari wa Oman walioachwa katika ngome za pwani yetu. Mshahara hauji, amri hazieleweki zatoka kwa nani, na wao wenyewe ni Wahinawi kwa Waghafiri, wanatazamana kwa jicho la pembeni. Pate ikaliona hilo. Pate ya wakati ule haikuwa kijiji cha magofu kama unavyokiona leo ukienda Lamu. Ilikuwa mji wa pembe za ndovu, hariri, mafundi wa fedha na washairi, nayo haikumpenda bwana wa Maskati kuliko ilivyowahi kumpenda bwana wa Goa. Ilimtaka kila mmoja wao awe mbali. Kwa hiyo Pate ikawaendea Wareno: njooni mtusaidie kuwatoa Waomani. Huko Goa, makao yao makuu ya Bahari ya Hindi, alikuwapo Makamu wa Mfalme João de Saldanha da Gama, naye akaona bahati imemwangukia mikononi. Merikebu zikaondoka na kaskazi ya mwanzo wa 1728, zikapitia Pate, na Mombasa ikasalimu amri Machi bila vita vya kutisha.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wengi. Huandika kwamba Wareno "waliiteka tena" Mombasa, kana kwamba walikuja kwa ubabe kama Francisco de Almeida mwaka 1505. Kwa nguvu zipi? Angalia hali yao mwaka huo. Februari 1728, kule Palkhed katika nyanda za Dekani, Bajirao wa Kwanza wa Wamaratha alimzungusha Nizam wa Hyderabad mpaka akamfungia njia ya chakula na maji, akamlazimisha kukubali masharti. Wamaratha hao ndio waliokuwa majirani wa Wareno huko India, na mwaka 1739 waliwanyang'anya Vasai, mji wao mkubwa wa kaskazini. Wareno wa 1728 walikuwa watu wa kuhesabu baruti. Mombasa waliingia kwa mlango uliofunguliwa na wenyeji, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa sikiliza walivyotoka, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wageni walipokwisha kutulia waliyarudia yale ya zamani: biashara ipite mikononi mwao, ushuru uende kwao, na watu wachukuliwe kwa jeuri. Urafiki na Pate ukachacha upesi. Mombasa nako watu wakachoka. Aprili 1729 wakainuka, wenye mji pamoja na jamaa zao wa bara tunaowaita leo Wamijikenda, wakawafungia Wareno ndani ya ngome. Novemba njaa na upweke vikawashinda Wareno, wakatoka kwa masharti ya kuachiwa roho zao.

Weka miezi hiyo mbele ya mvuvi yeyote wa Tanga hapo ulipo, umwulize anaona nini. Aprili kaskazi imekwisha, kusi inashika. Meli ya kutoka Goa haiji Mombasa wakati wa kusi. Upepo uko usoni mwake. Kaskazi hairudi mpaka Novemba ikiishia na Desemba ikiingia. Kwa hiyo walioinuka Aprili walikuwa na miezi saba hivi ambayo hakuna msaada ungeweza kuvuka bahari, na ngome ikasalimu amri kaskazi ikiwa mlangoni. Sina karatasi ya mzee wa Mombasa inayosema "tungoje kusi". Lakini watu walioishi kwa pepo hizo mbili tangu enzi za mababu hawakuhitaji kuandika jambo hilo. Kwao lilikuwa kama wewe kujua kwamba basi la Dar halipiti usiku wa manane. Na walikuwa wameshaliona jambo lenyewe: mwaka 1698 merikebu za msaada kutoka Goa zilifika Mombasa siku chache tu baada ya ngome kuanguka, zikaiona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuza. Ngome ile, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa kuanzia 1593, ina kuta ambazo mizinga haikuziweza kwa urahisi. Iliyoiweza mara kwa mara ni kalenda ya upepo.

Wareno walipoondoka, wakuu wa Mombasa walipeleka ujumbe Oman kwa Imamu Saif, Taifa Tatu na Taifa Tisa, yale makundi mawili ya wenye mji, pamoja na watu wa bara. Unaona mchezo unavyorudi? Pate ilimwita Mreno dhidi ya Mwomani, sasa Mombasa inamwita Mwomani baada ya Mreno. Imamu akaleta maliwali, na haikupita miaka mingi kabla liwali wa ukoo wa Mazrui hajaikalia Mombasa kama yake. Wamazrui walishika mji mpaka 1837, Sayyid Said alipowatoa. Saif mwenyewe aliyeponea vita vya 1728 naye alifanya kama Pate: mwaka 1737, alipozidiwa na wapinzani wake, aliwaita Waajemi wa Nader Shah wamsaidie. Wakaja, wakakataa kuondoka. Aliyekuja kuwatoa ni liwali wa Sohar, Ahmad bin Said, naye akaanzisha utawala wa Albusaidi. Sayyid Said ni mjukuu wake. Kwa hiyo ule mruko wa kitabu chako, kutoka 1698 moja kwa moja hadi Sayyid Said, una daraja chini yake, nalo linapita hapahapa 1728.

Nije kwenye utendi. Nakala inayotegemewa ina mwaka wa 1141 Hijria. Hapo ujihadhari kidogo, kwa sababu mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 na kwisha Julai 1729. Tunaposema "1728" tunachagua nusu moja ya mwaka. Kazi hiyo ya Mwengo wa Athumani ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa za Kiswahili zilizotufikia zikiwa na tarehe. Ina beti zipatazo 1,150, kila ubeti vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikipatana vina na cha nne kikibeba kina kinachokwenda mpaka mwisho wa utungo. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu kutunga beti ishirini tu za kina kimoja cha mwisho bila kuanza kulazimisha maneno. Yeye alikwenda elfu moja na zaidi, kwa hati za Kiarabu, akitungia kwa amri ya mfalme wa Pate.

Habari yenyewe ni ya vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, yule Kaizari Heraclius wa Konstantinopoli. Chanzo chake kifo cha Jafari, binamu yake Mtume, kule Muta. Tambuka ni Tabuk. Sasa weka hilo pamoja na niliyokusimulia. Mfalme wa Pate anaagiza utungo mrefu wa Waislamu kuwashinda majeshi ya Kikristo katika mwaka ambao merikebu za Wakristo zimekuja kwa mwaliko wa Pate yenyewe. Wapo wanaosoma hapo kejeli ya wazi, wengine hofu, wengine wanasema ni hadithi ya dini tu iliyopendwa pwani nzima na isiwekewe siasa mdomoni. Mimi nipo karibu na hawa wa mwisho, ila siwezi kuamini kwamba waliosikiliza ukisomwa barazani hawakugeuza shingo kutazama bandarini.

Na usidhani Pate ilikuwa peke yake kwa kalamu. Barua za kale kabisa za Kiswahili tulizonazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati hizohizo za Kiarabu, zikaenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa. Fitina nyingi za pwani tunazijua kwa sababu maadui wetu walitunza karatasi vizuri kuliko sisi. Mchwa na unyevu wa bahari haviheshimu mshairi.

Hata huko Ulaya karatasi hazikuwa salama mwaka huo. Kuanzia tarehe 20 Oktoba 1728 Kopenhagen iliungua siku tatu, usiku na mchana, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa majivu pamoja na maktaba ya Chuo Kikuu. Alikuwapo huko msomi wa Iceland, Árni Magnússon, aliyetumia maisha yake kukusanya miswada ya ngozi ya nchi yake nyumba kwa nyumba. Aliokoa mingi, lakini vitabu vyake vingi vya kuchapwa na baadhi ya miswada viliteketea, naye akafariki Januari 1730. Wakati huohuo Istanbul, Ibrahim Müteferrika, aliyepata ruhusa ya Sultani mwaka 1727, alikuwa akiandaa kiwanda chake cha kuchapa kwa herufi za Kiarabu. Kitabu chake cha kwanza, kamusi, kilitoka Januari 1729. Pate nakala moja ilinakiliwa kwa mkono, na tumshukuru aliyeinakili.

Umeuliza dunia nzima, nami siwezi kukupa dunia nzima. Nitakupa watatu ninaowapenda.

Wa kwanza ni James Bradley, Mwingereza mtazama nyota. Tangu Desemba 1725 yeye na rafiki yake Samuel Molyneux walikuwa wakiipima kwa darubini nyota moja, Gamma Draconis. Walitaka kuona kama inahama kidogo kadiri dunia inavyolizunguka jua. Kweli ikahama, lakini upande usiotarajiwa, na katika miezi isiyotarajiwa. Molyneux akafa Aprili 1728 bila kupata jibu. Inasimuliwa kwamba Septemba mwaka huo Bradley alikuwa ndani ya chombo katika mto Thames, akatazama kibendera cha juu ya mlingoti. Kila chombo kilipogeuka, kibendera kiligeuka, ingawa upepo haukubadilika. Akawauliza mabaharia, wakamwambia ndivyo kilivyo siku zote. Hapo akili ikamfunguka: mwanga wa nyota ndio upepo, dunia ndiyo chombo. Nyota inaonekana kuhama kwa sababu sisi tunakwenda. Huo ukawa ushahidi wa kwanza wa kupimika kwamba dunia inatembea, na kutokana nao akakadiria kuwa mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 12 hivi. Leo tunasema dakika 8 na sekunde 19. Kila ninapoisoma habari hiyo hucheka kidogo: nahodha yeyote wa jahazi la Lamu angemjibu Bradley swali lake la kibendera kabla hajamaliza kuuliza. Tofauti ni kwamba Bradley alikuwa na nyota iliyomkosesha usingizi.

Wa pili ni Vitus Bering, Mdenmark aliyetumikia Urusi. Kaizari Peter Mkuu, akiwa karibu na kifo, alimtuma akaangalie kama Asia na Amerika zimeungana. Ilimchukua miaka mitatu kuvusha watu na vifaa Siberia yote mpaka Kamchatka, akaunda merikebu hukohuko, akaondoka Julai 1728. Agosti akapita kwenye mlango wa bahari unaobeba jina lake leo. Kulikuwa na ukungu, hakuiona Amerika, akageuka. Urusi wakamlaumu kwamba hakuthibitisha kitu. Na kichekesho chenyewe: Semyon Dezhnev alikuwa amepita hapo tangu 1648, lakini taarifa yake ilikuwa imelala katika ofisi ya Yakutsk, ikaja kufukuliwa baada ya Bering. Oktoba ya 1728 hiyohiyo, katika kijiji cha Marton, Yorkshire, mke wa kibarua wa shambani alijifungua mtoto aliyeitwa James Cook. Agosti 1778, miaka hamsini kamili, Cook alipita katika mlango uleule, na Amerika akaiona.

Ukikuta vitabu viwili vinavyotofautiana siku ya kuzaliwa kwa Cook, tarehe 27 Oktoba na 7 Novemba, usimtukane mwandishi. Uingereza ilikuwa bado na kalenda ya zamani, nyuma ya majirani zake kwa siku kumi na moja, mpaka ilipobadilisha mwaka 1752. Tena mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo jambo la Februari 1728 kwetu lilikuwa la 1727 kwao. Ongeza na Hijria ya Pate, utaona kwa nini mtu wa historia hafai kukimbilia kusema "siku ileile".

Wa tatu alikufa mwaka huo, tena Februari: Cotton Mather, mchungaji wa Boston. Wengi humkumbuka kwa ukali wake na habari za wachawi wa Salem. Mimi humkumbuka kwa sababu ya mtu aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, Mwafrika aliyepewa jina la Onesimus. Mather alipomuuliza kama aliwahi kuugua ndui, alimwonyesha kovu mkononi na kumweleza kwamba kwao, Afrika Magharibi, mtu huchanjwa kwa usaha wa mgonjwa, akaugua kidogo, kisha akapona na asiugue tena. Ndui ilipoivamia Boston mwaka 1721, Mather akaitetea njia hiyo na tabibu Zabdiel Boylston akaitumia kwa watu zaidi ya 200. Waliochanjwa walikufa wachache sana kuliko walioambukizwa barabarani, ingawa watu wenye hasira walirusha bomu ndani ya nyumba ya Mather. Jina alilopewa Onesimus na mama yake hatulijui.

Kuna mengine mengi ya 1728 ambayo nayaacha, ya Ethiopia chini ya Bakaffa, na ya wana wa Mulai Ismail waliokuwa wakinyang'anyana Moroko. Kwa mtihani wako yatosha uandike hivi: Wareno waliondolewa Mombasa 1698, wakarudi kwa mwaliko wa Pate Machi 1728, wakaondolewa na wenyeji Novemba 1729. Msahihishaji akikukata alama kwa tarehe mbili za mwisho, mwambie mwalimu wako wa Kiswahili amwendee. Na siku ukipata nauli ya Mombasa, panda juu ya ukuta wa Ngomeni upande unaotazama mlango wa bandari, mwezi wa Aprili, usimame pale kusi ikianza kuvuma.